Karatasi ya telefoni iandikwe kwa yule anayesimama shambani

Maoni ya animateri mmoja, Kisangani

Ndugu wanamemba wa koperative, mama na baba, leo sitazungumza juu ya mbegu wala juu ya magonjwa ya mihogo. Nataka kuzungumza juu ya karatasi. Ile karatasi yenye mnapewa pamoja na programu ya telefoni, yenye kichwa “Guide de l'utilisateur”, yenye kurasa nyingi na picha nyeusi zisizoonekana vizuri. Wengi wenu mnaikunja, mnaiweka ndani ya sanduku pamoja na kadi ya uchaguzi, na hamuifungui tena.

Najua juu ya nini hamuifungui. Moja ya karatasi hizo niliiandika mimi mwenyewe.

Msimu uliopita wa kakao, koperative moja ya barabara ya Banalia ilitakiwa kuandikisha mashamba ya wanamemba wake kwa telefoni. Mnunuzi alisema wazi: shamba ambalo haliko kwenye orodha, kakao yake haitanunuliwa kwa bei ya koperative. Shirika likaleta telefoni sita, programu ikawekwa ndani, vijana wakafanyiwa mafunzo ya siku mbili. Mimi nikaambiwa niandike maelekezo. Niliandika kurasa nne usiku mmoja hapa Kisangani, niko mezani, taa inawaka, chai iko pembeni. Nilijiona nimefanya kazi nzuri.

Wiki tatu baadaye orodha ikatoka. Watu kumi na tisa hawakuwamo kabisa. Wengine walikuwamo, lakini mashamba yao kumi na moja yalionekana kwenye karte yote mahali pamoja, yamebanana katikati ya kijiji, kama vile watu wamepanda kakao juu ya mapaa ya nyumba. Na mzee mmoja mwenye shamba dogo sana alionekana amevuna kuliko presida wa koperative, juu alipima mbegu mbichi, wenzake walipima kavu.

Nilipotaka kurudi mjini, mama mmoja mjane alinifuata mpaka kwenye pikipiki.

“Papa, nilifanya yote yenye uliandika. Juu ya nini jina yangu haiko?”

Nikamwomba telefoni aliyoitumia. Fomu yake ilikuwa ndani, imejazwa vizuri kuliko za wengi. Ilikuwa imelala mahali panapoitwa “Brouillons”. Haikutumwa hata siku moja.

“Mama, haukuituma.”

“Karatasi ilisema niihifadhi. Niliiacha ndani, sikugusa tena.”

Nikatoa karatasi yangu, nikasoma pale barabarani, jua kichwani. Hatua ya 9 ilisema hivi: “Hifadhi fomu, kisha itume kwenye seva mara muunganisho utakapopatikana.” Ndugu zangu, niliona aibu. Nani kati yetu anasema “muunganisho”? Siye tunasema rezo. Nani anajua seva ni nini, iko wapi, ina mlango gani? Na huyo mama, hapo shambani kwake rezo haifiki. Alifanya nusu ya kwanza ya sentensi, ile aliyoweza. Nusu ya pili ilimtaka angojee kitu ambacho hakuambiwa atakijuaje kikifika, wala ashike nini siku hiyo.

Sasa sikilizeni alichosema baadaye, juu hicho ndicho kilinifanya niandike haya. Hakusema karatasi ni mbaya. Alisema: “Mimi sikusoma sana, Papa. Kosa ni yangu.”

Mama huyo anahesabu kilo kichwani haraka kuliko mimi na kalkuleta. Anajua kila mti wake, ule unaozaa na ule uliochoka. Lakini karatasi iliyoandikwa vibaya ilimfanya ajione mjinga, na kakao yake aliiuza kwa mnunuzi wa njiani, mwenye mizani yake na bei yake. Pesa aliyopoteza ilikuwa pesa ya shule ya watoto. Na kama asingenifuata mpaka kwenye pikipiki, nisingejua kitu. Ningeandika kwenye ripoti kwamba wanamemba “hawakufuata maelekezo”.

Hii ndiyo shida yenyewe. Programu ikiharibika, telefoni inaonyesha alama nyekundu na fundi anaitwa. Karatasi ikiwa mbaya, hakuna alama. Mtu ananyamaza na kwenda kuuza pembeni.

Wengine watasema: hizi ni habari za vijana wa mjini, mkulima anataka jembe na barabara. Barabara tunaitaka, kweli. Lakini telefoni imekwisha kuingia ndani ya bei. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2023, yenye namba 2023/1115, kwamba kakao, kahawa, mafuta ya mawese, mbao na bidhaa nyingine chache haziingii huko kama zimetoka mahali ambapo msitu ulikatwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Tarehe ya kuanza kuitumia imesogezwa zaidi ya mara moja, na wanunuzi wengine wanalegea kila ikisogezwa, lakini kazi yenyewe haijabadilika: kila shamba lionyeshwe mahali lilipo kwa namba mbili, ile ya kaskazini au kusini na ile ya mashariki au magharibi. Shamba la hektari 4 au chini linaweza kuonyeshwa kwa pointi moja tu. Likizidi hektari 4, kwa kakao na mazao mengine ya shamba, lazima kuzunguka mipaka yake yote. Na namba hizo ziwe na tarakimu sita baada ya nukta.

Sita! Nilipoambiwa mara ya kwanza nilicheka. Lakini hesabu yake si ngumu, na ingekuwa vizuri kila koperative iijue. Huku kwetu karibu na ikweta, tarakimu mbili baada ya nukta zinakuonyesha mahali kwa kilomita moja hivi. Tatu, kwa mita 110. Nne, kwa mita 11. Sita, kwa sentimita 11, yaani upana wa kiganja. Kwa hiyo mtu akiandika kwenye daftari “0.51” na kuacha zingine kwa sababu ameona ni nyingi, amelitupa shamba lake kilomita nzima porini, pengine ndani ya msitu ambao hakuukata yeye.

Na kuna jambo jingine ambalo guide zinazotoka mbali haziwezi kulijua, kwa sababu walioziandika hawakai kwenye ikweta. Kisangani iko kidogo upande wa kaskazini wa ikweta. Ubundu iko kidogo upande wa kusini. Kwa hiyo namba ya kwanza ya shamba la Ubundu inaanza na alama ya kutoa: -0.35 na zaidi. Ile alama ndogo, kidole kinaisahau kwa urahisi. Ukiisahau, shamba linaruka ikweta na kuanguka upande wa pili, karibu kilomita 78 kutoka mahali pake. Katika Tshopo, tofauti na Kinshasa au Lubumbashi ambako mji mzima uko upande mmoja, mkoa mmoja una watu wa pande zote mbili. Maelekezo ya huku kwetu lazima yaseme: kama uko kusini, angalia ile alama. Hiyo sentensi moja hautaikuta kwenye karatasi iliyoandikwa Paris au Nairobi.

Nukta nayo ina vita yake. Shuleni tulifundishwa Kifaransa, tunaandika 0,51 kwa koma. Telefoni nyingi zinataka nukta. Mtu anaandika koma kwenye daftari, mwingine anakuja kunakili, koma inageuka kitu kingine, namba inakatika katikati. Nimeona shamba la namna hiyo kwenye karte, liko baharini mbele ya nchi ya Gabon.

Turudi kwenye karatasi yangu. Hatua ya 5 ilisema: “Chukua pointi ya GPS ya shamba.” Nilifikiri ni wazi kama maji ya kisima. Kijana mmoja aliyefanya mafunzo nilimuuliza walisimama wapi.

“Kwa mlango ya nyumba, njo kule rezo iko.”

Ana haki. Alifikiri GPS ni rezo, na karatasi haikumwambia kwamba ni vitu viwili. GPS inatoka kwenye satelaiti juu mbinguni, haitaki rezo ya Vodacom wala ya Airtel wala ya Orange, haitaki megabaiti. Inataka kuona mbingu. Rezo inahitajika baadaye tu, wakati wa kutuma. Programu kama KoboCollect, ambayo mashirika mengi yanaitumia na wengi wenu mmeiona, imetengenezwa hivyo kwa makusudi: unajaza bila rezo, fomu inakaa ndani ya telefoni, unaituma ukifika mahali rezo iko. Mimi nilijua hayo yote, na kwa sababu niliyajua nikasahau kuyaandika. Mtu anayejua njia hamwambii mgeni habari ya kile kijito kidogo, kwa sababu yeye anakiruka bila kufikiri.

Basi nikafanya kile ambacho ningefanya mwanzo. Nilirudi kule na karatasi mpya, nikampa mama mmoja ambaye hakuwa kwenye mafunzo, nikamwambia: soma, fanya, mimi sitasema kitu. Nikakaa kwenye kigogo. Kukaa kimya ni kazi ngumu sana kwa animateri, mtaniamini. Kila kidole chake kiliposimama, niliandika alama kwenye daftari langu. Alisimama mara kumi na nne kwa hatua kumi na mbili. Mara mbili alinigeukia, na mara zote mbili mdomo wangu ulifunguka, nikaufunga.

Saa moja pale iliniletea faida kuliko ule usiku mzima wa chai. Nilijifunza kwamba “bonyeza” inaeleweka lakini watu wanabonyeza kwa nguvu na kushikilia, na telefoni inafungua kitu kingine. Afadhali kusema “gusa mara moja, halafu toa kidole”. Nilijifunza kwamba ukiandika leo “fomu”, kesho “karatasi ya maswali”, keshokutwa “formulaire”, mtu anafikiri ni vitu vitatu. Kwenye hadithi ni vizuri kubadilisha maneno. Kwenye maelekezo ni kumpoteza mtu. Chagua neno moja, shikamana nalo mpaka mwisho hata kama sikio linachoka.

Tena nilijifunza kwamba hatua moja ni sentensi moja yenye kitendo kimoja. Sentensi yangu ya “hifadhi kisha itume mara” ilikuwa na vitendo viwili vya mahali pawili na siku mbili tofauti. Sasa imekuwa hatua nne, na mojawapo inaanza hivi: “Rudi mahali ambapo rezo iko. Inaweza kuwa kesho au siku ya soko.” Walimu wa kuandika watasema ni ndefu. Ni ndefu, ndiyo.

Lakini kubwa kuliko yote ni hili: baada ya kila hatua, mwambie mtu ataona nini. Angalieni pesa ya telefoni. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, hapa Kongo ilifika 2012, na mama zetu wa soko wanaitumia bila kitabu. Juu ya nini? Kwa sababu skrini inauliza jambo moja tu kwa mara moja, na mwisho meseji inakuja: umetuma kiasi hiki, kwa jina hili, umebaki na hiki. Hakuna anayeondoka bila kujua kama pesa imekwenda. Karatasi yangu ilimwacha yule mjane bila meseji. Ningeandika tu: “Ukimaliza, jina la fomu litatoka kwenye Brouillons na litaonekana kwenye Envoyés. Kama bado linaonekana kwenye Brouillons, haijaenda.” Maneno yasiyofika ishirini. Yangeokoa msimu wa watu kumi na tisa.

Mnaona nimeandika “Brouillons” na “Envoyés” kwa Kifaransa, vile vile kama yalivyo kwenye skrini. Kuna wenzangu wanaopenda kutafsiri kila kitu. Mimi nakataa. Kama kitufe kinasema “Envoyer”, karatasi iseme “Envoyer”, herufi kwa herufi, halafu ieleze kwa Kiswahili maana yake. Mkulima analinganisha sura ya neno lililo kwenye karatasi na sura ya neno lililo kwenye telefoni, kama anavyolinganisha namba ya gari. Ukimwandikia “tuma”, atatafuta “tuma” kwenye skrini mpaka batiri iishe.

Maelezo yenyewe, hayo yawe kwa lugha ya watu. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 inasema lugha ya kazi ya serikali ni Kifaransa, na lugha za taifa ni nne: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Tshopo tuna mbili kati ya hizo, Lingala na Kiswahili, na ndani ya nyumba lugha nyingine nyingi. Kwa hiyo nisiseme Kiswahili kitamaliza shida. Ukishuka mto kwenda Isangi, utakuta mikutano inayoendeshwa kwa Lingala tu, na karatasi yangu ya Kiswahili ni mzigo mwingine. Waulizeni wanamemba kwanza. Koperative inajua inagombana kwa lugha gani kwenye mkutano mkuu. Hiyo ndiyo lugha ya karatasi.

Na Kiswahili gani? Kuna kazi nzuri zilizofanyika huko mashariki. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wa Kilinux, kilitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili mwaka 2004, ikaitwa Jambo OpenOffice. Nawaheshimu, walilazimika kutafuta neno kwa kila kitu kidogo. Lakini mimi nilikosea nilipokopa maneno ya vitabu vya Tanzania bila kuyaonja kwanza huku. “Nywila.” “Pakua.” “Sasisha.” Nilimsomea mzee mmoja “nywila”, akauliza kama ni nywele za nani. Huku tunasema kode, au namba ya siri. Lile neno “hifadhi” lenyewe, siye tunasema “weka” au “chunga”. Kiswahili safi kisichoeleweka na Kifaransa kisichoeleweka ni kitu kimoja kwa mtu aliyesimama juani na telefoni ya mkopo mkononi.

Halafu mara nyingine lugha yetu inaona vizuri kuliko ile ya fomu. Fomu moja ya mchele iliuliza: “Riz, quantité (kg)”. Basi. Kifaransa cha kila siku kinatumia neno moja, “riz”, na ukitaka kueleza zaidi mara nyingi unaongeza neno la pili. Siye tuna mpunga uliotoka shambani na maganda yake, mchele uliotoka mashinani, na wali ulio kwenye sahani. Kilo 100 za mpunga kwenye mashini zetu ndogo zinatoa mchele kilo 60 na kitu, ikienda vizuri. Wanamemba wa Yangambi na wa Bengamisa walijibu kila mtu kivyake, huyu mpunga, huyu mchele, wote kwa ukweli mtupu, na mwisho mtu fulani akajumlisha yote na kuandika kwamba mavuno yamepungua. Ilitosha kuandika neno “mpunga” kwenye lile swali. Kakao ni hivyo hivyo: mbegu mbichi kilo 100 zikichachuka na kukauka vizuri zinabaki karibu 35 au 40. Yule mzee aliyemshinda presida hakusema uongo. Hakuna aliyemuuliza mbichi au kavu.

Nasikia jibu la wenye programu: “Tunafanya mafunzo, karatasi si lazima.” Mafunzo nayapenda, na chakula chake nakipenda. Lakini tuseme kweli. Wanaokuja kwenye mafunzo ni vijana wawili watatu wanaosoma Kifaransa. Baada ya miezi michache mmoja amehamia mjini kuendesha toleka, mwingine ameolewa Buta. Telefoni imebaki kwa sekretere, na sekretere hakuwepo. Kinachobaki kijijini ni karatasi. Zaidi ya hapo, programu zinabadilika: unaamka asubuhi, imejibadilisha usiku, kitufe kilichokuwa chini kimepanda juu. Karatasi isiyo na tarehe hapo inakuwa hatari, mtu anafuata njia iliyofungwa. Andikeni chini ya kila ukurasa mwezi na mwaka, na namba ya programu yenyewe. Ya zamani ichomwe. Nasema ichomwe, siyo iwekwe pembeni, juu siye tunapenda kuweka.

Jibu la pili: “Wengi hawasomi.” Ndiyo, wengine hawasomi, lakini karatasi iliyoandikwa vizuri inaweza kusomwa kwa sauti, na ile ya kwanza yangu ilikuwa haisomeki kwa sauti hata kwa mwalimu. Hicho ni kipimo kizuri: isome mbele ya watu, pumzi ikikukatika katikati ya sentensi, ikate. Hatua zilizo fupi, mtoto wa darasa la tano anamsomea mama yake, mama anafanya. Tena mtu anaweza kuzisema ndani ya telefoni, kwa Lingala au kwa lugha ya nyumbani, na kuzipeleka kwa WhatsApp kama sauti, hatua moja sauti moja. Sauti ya dakika nane hakuna anayeisikiliza mpaka mwisho. Nayo inatoka karatasi nzuri. Karatasi mbaya haitoi sauti nzuri.

Sasa, ninyi mnaweza kufanya nini? Mko na nguvu kuliko mnavyofikiri. Shirika au mnunuzi anapoleta programu, anahitaji sahihi ya koperative. Kabla ya kalamu kugusa karatasi ile, ombeni karatasi hii nyingine. Chagueni wanamemba watatu ambao hawakufanya mafunzo, mmoja wao awe mama, mmoja awe mzee mwenye macho yaliyochoka. Wapeni telefoni na maelekezo, na yule aliyeyaandika akae pale pale kimya, kama mimi kwenye kigogo. Wakifika mwisho na fomu ikaonekana imetumwa, wekeni sahihi. Wakikwama, arudi nyumbani akaandike upya, na msimuonee haya. Ni kazi yake, analipwa. Andikeni pia kwenye makubaliano namba ya mtu wa kupigiwa, na jina la mtu huyo, siyo jina la ofisi.

Na ninyi mnaokwama, tafadhali msiseme “sikusoma sana”. Semeni ni hatua ya ngapi. “Papa, hatua ya 6, sioni hiyo kitu” ni sentensi yenye thamani kubwa kwangu. Naweza kuitengeneza jioni ile ile.

Karatasi yetu sasa imefika toleo la tano. Ina ukurasa mmoja, mbele na nyuma, herufi kubwa, picha tulizopiga wenyewe kwenye telefoni ile ile iliyoko kijijini. Hatua ya 5 ya zamani imekuwa hivi: “Toka nyumbani. Ingia shambani mpaka katikati. Tafuta mahali ambapo mbingu inaonekana, mbali na miti mikubwa. Simama, usitembee. Gusa kitufe cha pointi mara moja. Namba ya mita itaonekana na itashuka polepole. Ngoja mpaka iwe chini ya 10. Haihitaji rezo.” Yule mama mjane aliisoma, akasema neno “polepole” nililipenda mwenyewe lakini halikumsaidia, yeye alitaka kujua angoje muda gani. Nikaongeza: “Inaweza kuchukua dakika tano.” Shamba lake liko kwenye orodha ya msimu huu, mahali pake hasa.

Hatua ya 8 bado inasumbua. Ni ile ya kuzunguka mipaka kwa wenye shamba linalozidi hektari 4. Watu wanaanza vizuri, wanafika kwenye mpaka wa jirani, wanasalimiana, wanakaa kuzungumza, telefoni inazima skrini, na wakiendelea hawajui kama mstari umekatika au la. Nimeiandika mara tatu na mara zote tatu kidole kilisimama pale pale. Mwenye wazo, au mwenye koperative ambayo imeipata dawa, anitafute kwenye ofisi ya jarida hili, au alete telefoni yake siku ya mkutano tuijaribu pamoja chini ya mti.